Mstari Ulioanguka Saa Moja Asubuhi

Nyuma ya nyumba yetu, upande huu wa kilima cha Mbuya ambako mabati ya majirani yanakaribia kugusana, kuna chumba kidogo kilichokuwa jiko la kuni. Mke wangu alikigeuza kuwa nyumba ya uyoga. Humo ndani niliua uyoga wake mara tatu, nikamwacha mtu mwingine abebe lawama. Kilichonionyesha nilichofanya ni kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, nilichokitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ili kimuumbue mke wangu.

Nieleze kwanza nilikotoka, maana kosa langu lilianzia kazini.

Nilikuwa mtunza stoo jeshini. Niliingia muda mfupi baada ya kumaliza sekondari, nikitokea kaskazini, na nikatoka nywele zikiwa nyeupe. Watu wakisikia jeshi hufikiria bunduki, lakini katika stoo adui wetu alikuwa unyevu. Unyevu ulikula buti zikiwa bado mpya ndani ya maboksi. Ulitia hema madoa meusi. Ulifanya mablanketi yanuke kama mbwa aliyenyeshewa. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu: saa moja asubuhi, kabla ya jambo lolote lingine, fungua milango na madirisha yote, hewa ipite kwa saa nzima. Afisa wa kwanza niliyemtumikia alikuwa na desturi ya kupitisha kidole ukutani. Kidole kikitoka na maji, hakusema neno. Alikifuta kidole hicho kwenye shati lako. Nilifutwa mara moja tu. Baada ya hapo hadi nastaafu, hakuna stoo yangu iliyowahi kutoa jasho.

Mke wangu yeye ni binti wa watu wa duka, Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na kilichotukutanisha kwanza ni Kiswahili. Chake ni cha dukani na cha madrasa, kimenyooka. Changu ni cha gwaride. Mpaka leo nikisema "kitu hii" ananitazama tu mpaka nirudie vizuri.

Uyoga alifundishwa na rafiki yake. Walijuana hospitali ya Mulago zamani, wodini, watoto wao wakiwa wamelazwa kwenye vitanda vinavyopakana. Wakagawana uji, sabuni na usingizi wa zamu, na tangu hapo wakawa kama waliozaliwa pamoja. Huyo rafiki hutengeneza mbegu za uyoga nyumbani kwake, huko huko karibu na Mulago: anachemsha nafaka, anaitia kwenye chupa, anaipandikiza utando mweupe, na baada ya wiki kadhaa chupa nzima inakuwa nyeupe kama pamba. Mbegu hizo unazichanganya na maganda ya mbegu za pamba yaliyopikwa kwa mvuke, unashindilia kwenye mifuko ya plastiki, unaining'iniza gizani. Mifuko ikishakuwa myeupe yote, unaitoboa, unanyunyiza maji sakafuni na ukutani, na unangoja vichwa vya kwanza vichomoze, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Hapo ndipo uyoga unapotaka hewa nzito yenye maji. Si kwamba hautaki kupumua. Mke wangu alikuwa ameacha matundu mawili ukutani na kuyafunika kwa gunia bichi. Lakini mlango ulitakiwa kufungwa. Aliniambia hivyo kwa maneno ya wazi: "Mzee, mlango huu usifunguliwe nikiwa sipo."

Nikasema sawa.

Kila asubuhi alikuwa akitoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kufungua duka la kaka yake chini ya kilima, na kurudi saa nne kaka akishafika. Na kila asubuhi, saa moja kamili, miguu yangu ilinipeleka kwenye chumba kile. Nilisimama mlangoni nikasikia harufu ya ubichi. Niliona kuta zinatoa jasho. Nikapitisha kidole, kikatoka na maji. Mwili wangu wote ulikataa. Nikafungua mlango, nikaondoa magunia kwenye matundu, nikaacha hewa ya asubuhi ipite. Saa mbili nikafunga kila kitu kama nilivyokikuta. Nilijiambia namsaidia, tena bila kujisifu. Nilijiambia mwanamke wa duka atajuaje habari za unyevu.

Vichwa vya kwanza vilichomoza, vikawa njano, vikakauka. Mke wangu akanunua mbegu nyingine, akaanza upya. Vikakauka. Mara ya tatu vikakauka hivyo hivyo, mifuko sitini, na nilimwona amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mifuko yake, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefiwa.

Rafiki yake alikuja kuangalia. Walianza kwa upole, wakaishia kibarazani wakipigiana kelele.

"Mbegu zangu zinaota kwa watu wote," rafiki alisema. "Kwako tu ndiyo zinakufa. Mnazifanyia nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nafuata ulivyonifundisha neno kwa neno. Labda wengine unawapa nzuri, mimi unanipa masazo."

"Masazo! Mimi nikupe wewe masazo?"

Kisha yule mama akanigeukia. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai. "Mzee, wewe unashinda hapa. Sema wewe. Kuna kitu umeona?"

Nilikunywa chai kidogo. Nikasema, "Mimi niliona tangu mwanzo mbegu hizi si nzima."

Hilo ndilo nililosema. Akachukua mkoba wake akaondoka, na kwa miaka minne hakukanyaga kwetu. Mke wangu alifuta namba yake kwenye simu. Najua kwa sababu alinipa simu nimsaidie kuifuta, miwani yake haikuwa karibu.

Je, nilijua? Nimejiuliza sana. Kujua kwa hakika, hapana. Lakini pia sikutaka kujua, na mtu mzima anatambua tofauti ya mambo hayo mawili.

Mwaka huu mke wangu akaanza tena. Alipata mbegu kwa muuzaji mwingine wa mbali, akapika maganda, akajaza mifuko arobaini. "Hii ni mara ya mwisho," alisema. "Ikifa hii, nitajua ni mkono wangu. Nitakuwa nilimfukuza mwenzangu bure." Alisema hivyo akifunga mfuko kwa mpira, bila kuniangalia. Lakini unajua nilifikiria nini? Nilifikiria: safari hii nitamthibitishia kwamba chumba kina unyevu kupita kiasi. Nitamwekea namba mbele ya macho. Namba haibishaniwi.

Nikaenda kwa fundi wangu. Fundi huyu ni mzee mwenzangu. Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano, redio na nyaya, na sasa ana kibanda cha kutengeneza simu chini ya barabara yetu. Yeye huniita Bwana Stoo.

"Bwana Stoo unataka kupima hewa," alisema. "Hewa imekukosea nini?"

"Nataka mke wangu aone namba. Maneno yangu hayasikii."

"Basi tufanye mbili. Na mimi nimwonyeshe wangu namba ya kelele yake."

"Yako itavunja kipimo kwa kelele zako wewe."

"Kaa hapo. Hii kitu inawezekana." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Inapima joto, inapima unyevu, inatuma kwa waifai mpaka kwa simu yako. Hutaingia hata ndani. Utakaa na chai yako kama afande mkubwa."

Waifai tunayo. Binti yetu anayefanya kazi nje alituwekea ili atuone sura anapopiga simu.

Tukashuka mjini pamoja, wazee wawili tukisukumwa na mikokoteni na maboksi ya soko la Kikuubo, ambako fundi alitaka kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana. Kutoka hapo tukaingia kwenye jengo moja lenye vibanda vya vipuri vya simu ghorofa tatu, tukanunua kibao kidogo cha kijani chenye waifai ndani yake, nyaya za rangi, risista moja ndogo kama punje ya mchele yenye mistari, na kihisi chenyewe, kile kinachopima hewa: kiboksi cheupe chenye vitundu mbele, kama kichujio cha chai cha mwanasesere. Nilikiweka kiganjani. Hakikuwa na uzito. Nilitumia maisha yangu yote kupigana na unyevu kwa kidole, na hapa palikuwa na kitu kisicho na uzito kinachoujua kwa namba.

Cha kwanza nilikiua. Fundi alikuwa amesema miguu ya kihisi inahesabiwa kutoka kushoto, vitundu vikikutazama: wa kwanza umeme, wa pili habari, wa tatu hauna kazi, wa nne ardhi. Mimi nilikilaza kifudifudi, nikahesabu kutoka kushoto vilevile. Tulipochomeka chaja, kile cheupe kikapata moto, kikatoa harufu ya plastiki, kikanyamaza.

Fundi alikinusa. "Umepiga askari wetu wenyewe," alisema.

"Ulisema kushoto."

"Kushoto yake wakati anakutazama. Wewe ulimhesabu mgongoni! Stoo mnafundishwa nini, kuhesabu makalio?"

Nilirudi mjini peke yangu kununua kingine. Cha pili nilikishika kama yai. Nilichomelea nyaya mwenyewe kwa pasi ya fundi, risasi ikiyeyuka na kung'aa kama tone la zebaki kisha kuganda. Risista tuliiweka kati ya mguu wa umeme na mguu wa habari. Fundi alisema bila hiyo sauti ya kihisi huwa dhaifu, haifiki. Kisha akafungua laptopu yake iliyokosa vitufe vitatu na kuandika maagizo. Niliona mabano na nukta nyingi kuliko maneno, nikamwomba anisomee kwa Kiswahili.

"Inasema: amka. Tafuta waifai ya mzee. Kila baada ya dakika mbili muulize kihisi joto ngapi, unyevu ngapi. Andika. Chora mstari. Mtu akikuuliza kwa simu, mwonyeshe. Halafu rudia."

"Mpaka lini?"

"Hakuna mpaka lini. Inarudia tu."

Mlinzi wa zamu asiyebadilishwa, asiyelala, asiyeandika kwenye kitabu kitu ambacho hakukiona. Nimefanya kazi na walinzi wengi. Mmoja wa namna hiyo sikumpata.

Alichomeka. Taa ndogo ya buluu ikapepesa. Nikaandika kwenye simu yangu zile namba alizonipa, na ukurasa mweupe ukafunguka: joto ishirini na sita, unyevu sitini na moja. Fundi alisema, "Ipumulie." Nikainama, nikapumua juu ya vile vitundu, polepole, kama mtu anayesafisha miwani. Tulingoja dakika zake mbili. Sitini na moja ikawa tisini na nne.

Ilikuwa pumzi yangu, maji ya ndani ya kifua changu, yaliyotoka bila mimi kuyaona, yakaruka hewani yakawa namba kwenye kiganja changu. Nimepumua miaka yote hii bila kufikiria kwamba kila mara naacha kitu nyuma.

"Lakini tutajuaje kwamba haidanganyi?" niliuliza. Ni swali la mtunza stoo. Mizani yoyote lazima ipimwe.

Fundi akacheka. "Nilikuwa nangoja uulize." Akatia chumvi ya kawaida, ya mezani, ndani ya kifuniko cha soda, akaidondoshea maji kidogo mpaka ikawa kama mchanga uliolowa. Akaiweka kwenye kile kikopo pamoja na kihisi, akafunga, waya ukipita kwenye tundu alilolizibia gundi. "Chumvi mbichi ikifungiwa," alisema, "hewa yake inakuja kusimama kwa sabini na tano. Haiendi juu, haiendi chini. Hapa, Gulu, Ulaya, popote. Twende tule."

Tulikula tukarudi. Sabini na nne nukta nane. Tukakaa. Sabini na nne nukta tisa. Sabini na tano. Ikasimama hapo mchana kutwa.

Kwangu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko waifai. Waifai ni ya watu walioenda shule kunizidi. Lakini chumvi! Nimeila kila siku ya maisha yangu, nimeipokea kwa magunia, nimeiandika kwenye vitabu vya stoo, na muda wote ilikuwa na jambo moja inalolijua kwa uhakika, na hakuna aliyewahi kuniambia. Jioni ile nilimwangalia mke wangu akitia chumvi kwenye maharage nikataka kumwambia, nikashindwa nianzie wapi.

Tukatoboa kikopo matundu kwa msumari wa moto na kukitundika chumbani. Siku ya kwanza tone la maji lilikiangukia, kikasema tisini na tisa mpaka alasiri. Tukakisogeza katikati ya mifuko, mbali na mahali pa kunyunyiza. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyie wazee mmeweka redio kwa uyoga?"

"Ni kipimo cha unyevu," nikasema. "Utaona mwenyewe."

"Nitaona nini?"

"Utaona umezidi."

Alinitazama kama ninavyotazamwa nikikosea sarufi, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi akatoka kwenda dukani. Mifuko ilikuwa imeshakuwa myeupe na vichwa vya kwanza vilikuwa vimeanza, vidogo, vya kijivu. Saa moja kamili nilikuwa mlangoni, kama kawaida. Nikafungua, nikashusha magunia. Kisha nikakaa kwenye ndoo, nikatoa simu nione chumba kikipona.

Mstari ulikuwa umekwenda sawasawa tangu jioni, themanini na nane, themanini na tisa, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu kwenye saa moja ukaanguka. Haukuteremka, ulianguka: themanini. Sitini na sita. Hamsini na tano. Yalikuwa majira ya kiangazi na upepo mkavu ulikuwa ukipita juu ya vichwa vile vidogo. Nilikuwa nimekaa mahali pale pale mke wangu alipokaa siku ya mifuko sitini.

Nikaangalia simu, nikaangalia mlango, nikaangalia mkono wangu. Mashine haikunilaumu. Ilikuwa imeandika tu alichokifanya mtu saa moja asubuhi, na mtu huyo ni mimi. Sikuhitaji mwalimu. Nilihesabu kwenye akili: mara tatu alizopanda, kila asubuhi ya kila upandaji, mstari ule ule ukianguka bila kuwepo mtu wa kuuchora. Na sauti yangu kibarazani, na kikombe cha chai.

Nilirudisha magunia kwa haraka, nikayamwagia maji, nikafunga mlango na kuegemea kwa nje kama anayemzuia mtu asitoke. Mstari ulipanda polepole mno. Ilifika saa saba mchana ndipo ukarudi ulipokuwa. Kwa dakika zangu chache za hewa, chumba kilihitaji karibu saa sita kujikusanya, na mimi nilikuwa nikikivunja kwa saa nzima kila siku.

Siku zilizofuata sikufungua. Saa moja ikifika, miguu ilitaka kwenda. Nilikaa kitini nikaishika simu kwa mikono miwili. Chumbani, vichwa havikuwa njano. Vikawa vidole. Vidole vikafunguka vikawa masikio, masikio yakapandana kama vigae, ya kijivu na meupe, yakijaa mfuko mpaka mfuko haukuonekana. Mke wangu aliingia siku ya tano akatoka, akaenda kutawadha, akasali ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba niliwaza hivyo. Uyoga umeota, muuzaji mpya asifiwe, mambo yapite. Lakini jioni alikuja kukaa karibu yangu, akavaa miwani, akasema, "Hebu nione hicho kidude chako kinasemaje." Nikampa simu. Hakuna aliyemfundisha kusoma mstari. Mtu wa duka anajua kupanda na kushuka. Alirudisha kwa kidole siku moja moja mpaka akafika.

"Na shimo hili?"

Niliangalia kidole chake.

"Saa moja asubuhi. Siku hii tu. Baada yake hakuna." Akaweka kidole hapo hapo. "Mimi saa moja nakuwa dukani."

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua mlango."

"Siku hiyo tu?"

Maisha yangu yote yalikuwa yamenifunza kujibu swali kama lilivyoulizwa na kuishia hapo. "Hapana. Zamani nilifungua kila siku. Mara zote tatu. Mbegu za mwenzako zilikuwa nzima."

Alivua miwani. Nilingoja kelele, nikazitamani hasa. Alikunja mikono ya miwani, mmoja, kisha wa pili.

"Alikuuliza," alisema. "Alikugeukia akakuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Basi mimi si wa kuombwa radhi kwanza. Kesho nenda kwake. Usibebe uyoga, usibebe sukari, usibebe chochote. Nenda mikono mitupu."

Nilikwenda. Njiani kuelekea Mulago nilirudia maneno yangu kama kuruta anayekariri amri, na nilipofika yote yalinitoka. Yule mama alikuwa uani akiosha chupa. Amezeeka, nami nimezeeka. Hakuacha kuosha.

"Ssebo," alisema, akiniita bwana kama mgeni. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kusema mbegu zako zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeziua. Nilikuwa nafungua mlango, na uliponiuliza nikakusingizia."

Chupa ikabaki mkononi, maji yakidondoka. "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena, lakini polepole. Nimengoja miaka minne."

Nikarudia mara ya tatu. Kisha nikampa simu. Nilikuwa nimepiga picha ya ule mstari. Aliutazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayeijua kazi, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo haikunihusu mimi tena. "Bambi," alisema taratibu, kama anayeuonea huruma ule mstari. "Kumbe mnaweza kuona." Halafu: "Na sasa hivi? Sasa hivi inasema ngapi?"

"Hapa haisomi. Inasomeka kwa waifai ya nyumbani tu."

"Kumbe mmeifungia nyumbani kama kuku."

"Ndiyo."

"Basi sitaiona."

Aliinama, akachukua chupa nyingine. Hakunikaribisha chai, wala sikustahili. Niliporudi mke wangu aliniuliza amesemaje, nikamweleza yote, pamoja na la kuku. Alitikisa kichwa, akaenda jikoni.

Ilipita wiki na siku mbili. Alhamisi alasiri nilikuwa kibarazani nikasikia hodi getini. Mke wangu alitokea jikoni, mikono ina unga, akasimama. Wakaangaliana kutoka mbali.

"Umekonda," alisema mke wangu.

"Na wewe umeongezeka. Sikuja kwako, nimekuja kuangalia mashine."

"Mashine iko ndani."

"Si unionyeshe?"

Wakapita mbele yangu bila kunitazama, mmoja akifuta unga kwenye kanga, mwingine bado na mkoba begani. Mlango wa chumba cha uyoga ukafunguka, ukafungwa.

Nilitoa simu. Mstari ulikuwa themanini na tisa. Ukashuka kidogo, themanini na tatu, kwa ajili ya mlango. Nikangoja dakika mbili. Themanini na nane. Dakika mbili nyingine: tisini na moja. Joto nalo likapanda, nusu, kisha nukta nyingine. Hakuna aliyekuwa ananyunyiza maji, ningesikia. Nikakumbuka kibandani kwa fundi, pumzi yangu juu ya vitundu vile, na nikaelewa ninachokiona. Wanawake wawili walikuwa wanazungumza mle ndani, karibu karibu, kati ya mifuko, na kila neno lilikuwa likiacha maji yake hewani, na kidude changu kilikuwa kikiyaandika. Sikusikia walichosema. Niliona tu mstari ukipanda. Tisini na mbili. Tisini na nne. Ikapita nusu saa, na haukushuka.

Jua lilikuwa limefika kwenye bati la jirani. Hamu ya kwenda kusimama pale mlangoni nilikuwa nayo. Nilikaa, na mlango niliuacha umefungwa.